Nilivyoliahidi kanisa matawi ya mitende halisi hapa Stockholm, na kilichonikuta kibarazani kwangu

Wakuu, kwema humu?

Naleta kisa hiki mwenyewe kwa sababu nimechoka kukisikia kwenye magrupu ya watu, kila mmoja anakimwagia chumvi yake. Mwenye kisa ni mimi. Humu ndani hakuna chai wala uongo. Pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga, na mtaona ni sehemu nyingi.

Kwa wasionifahamu: mimi ni Mrundi, ila Kiswahili changu kimelelewa Kigoma, kambini. Kwa hiyo msianze kuniuliza mbona naandika kama Mtanzania.

Sasa hivi niko Stockholm, mtaa wa Vårby gård, fleti ya chini kabisa. Nyuma nina kibaraza na kipande cha ardhi, upana wake mkeka mmoja na nusu. Hicho kipande ndicho kilichonitoa akili.

Tuanze.

Kanisa letu lina watu mia na ushee. Warundi na Wanyarwanda ndio wengi, Wakongo wapo, na Waganda wachache ambao nina hakika wanakuja kwa ajili ya kwaya. Ukumbi tunaazima kwa Waswidi, wao wakitoka sisi tunaingia.

Siku yetu kubwa ni Jumapili ya Mitende. Watoto wanatangulia na matawi, kwaya inafuata, tunazunguka mtaa mzima mpaka kanisani.

Tatizo ni kwamba siku hiyo inaangukia mwezi wa tatu au wa nne, na mwezi wa nne huku ni matope na theluji, mti hauna hata jani la kufutia kisu. Waswidi wenyewe siku hiyo wanashika vijiti vyenye manyoya manyoya kama masikio ya paka.

Sisi tulikuwa na Mama Goreti.

Huyu mama anakaa Norsborg, mwisho kabisa wa treni nyekundu. Miaka kumi na moja alikuwa anatukatia matawi ya karatasi ya manila ya kijani. Anakata, anachana kingo, anabandika kwenye kijiti, anakuja nayo kwenye treni yamejaa mifuko miwili. Hakuna aliyewahi kumtuma. Na nikiri hapa, hakuna aliyewahi kumshukuru kwa maana ya kumshukuru.

Mwaka jana tuliandamana, theluji ya maji ikatushukia. Manila ikachuja. Watoto waliingia kanisani mikono ya kijani, mashavu ya kijani, na kanzu nyeupe ya Mchungaji ikapata viganja vinne vya kijani mgongoni. Mpaka leo havijatoka.

Basi, kikao cha tathmini.

Mnavijua vikao vyetu. Hata chai ikikosa sukari inaundiwa kamati. Watu wakachangia, wakachangia, mimi nikanyoosha mkono. Nikasimama, nikavuta suruali juu kidogo, nikasema:

"Ndugu zangu, Yesu hakuingia Yerusalemu na manila."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wakuu, mtu akishachekewa hivyo mara moja akili inatoka. Badala ya kukaa nikaendelea kujimwambafai. Nikasema mimi nimekulia katikati ya michikichi, nikasema najua palm inavyolala na inavyoamka, nikasema nipeni mwaka mmoja tu nitaotesha mtende hapa hapa Stockholm, nje, ardhini, na mwakani tutaandamana na matawi halisi.

Makofi.

Mama Goreti naye alikuwa amekaa mstari wa pili. Alitabasamu tu.

Kikao kilichofuata alikuja na boksi. Mkasi, gundi, manila zilizobaki zimekunjwa vizuri. Akaweka mezani mbele ya katibu akasema yeye anang'atuka, asanteni kwa ushirikiano. Mimi nikachaguliwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya matawi. Nilipita bila kupingwa, na hilo lingenishtua kama ningekuwa na akili timamu.

Kwa hiyo tuelewane hapa. Mti ukifa, watoto hawana matawi, na mama aliyekuwa anayatengeneza nimeshamfukuza kwa kutafuta kuchekesha watu.

Kuna mkuu amewahi kuniuliza pembeni kama mchikichi wa mawese unaota Sweden. Mkuu, ule ungekufa mwezi wa tisa kwa mshtuko tu. Hii niliyopata ni palm ya milima ya China, shina lina manyoya kama limevaa sweta, majani yake kama feni iliyofunguliwa. Wenyewe wanasema inavumilia baridi. Mimi nilisikia hapo kwenye "inavumilia baridi", yaliyofuata sikusikiliza.

Nikaipanda mwezi wa tano.

Na sasa nimlete jirani yangu, Lennart.

Lennart ni mzee wa Kiswidi, amestaafu, kibaraza chake kimepakana na changu. Miaka minne tulikuwa tunasalimiana "hej", basi. Siku moja moja akizidiwa na furaha anasema "hej hej".

Kumbe huyu mzee ni mgonjwa wa mimea ya joto. Ana palm mbili nje na yucca saba, zile zenye majani makali kama sime. Ana daftari la kuandika baridi ya kila siku. Ana wenzake wa kundi lao ambao wanatumiana picha za majani, mwenzao jani likikatika wanampa pole.

Siku aliyoniona nachimba shimo, Lennart aliongea dakika arobaini mfululizo. Nilidhani ana homa.

Alinipa mambo matatu. La kwanza, kile kichwa cha juu palm inapotolea majani mapya kisiingie maji, kijengee kipaa. La pili, hewa ipite, usifunge mpaka baridi iwe kali kweli, na ikilegea ufungue. La tatu, na hili alilisema akiwa amenikazia macho, "usiuhurumie."

Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nasema, huyu mzee mti wa kwanza wa palm ameuona kwenye kalenda, leo anifundishe mimi mtoto wa Kigoma?

Hapo ndipo nilipokosea wakuu. Kigoma sikuwahi kumwona mtu akilea mchikichi. Unajiotea. Sisi kazi yetu ilikuwa kuukwea na kuukamua. Ujuzi wangu wote ulikuwa wa kula.

Kiangazi mti ukashamiri. Ukafikisha majani kumi na tisa, nilikuwa nayahesabu kila asubuhi nikiwa na kikombe mkononi. Watu wa kanisa wakitoka ibadani wanapitia kwangu kupiga picha. Kuna harusi moja ya Wanyarwanda bibi na bwana harusi walikuja kibarazani wakapigwa picha pale, ukitazama haraka unasema wako Zanzibar. Nikaanza kuitwa Baba Mitende. Mke wangu, Konsolata, alikataa katakata kuitwa Mama Mitende.

Mwezi wa kumi na moja baridi ikabisha hodi.

Sasa jamani, sisi tulivyokuja huku mara ya kwanza tulishikwa na baridi mpaka tukalia. Tunajua dawa ya baridi ni kujifunika. Nguo ya ndani, sweta, sweta jingine, koti, kofia, na mtoto mchanga unamfunga mpaka yanabaki macho. Tumewalea wanetu hivyo na wako hai.

Basi nami nikaufunga mti wangu. Nailoni ya kwanza, ikabana vizuri. Juu ya nailoni blanketi. Juu ya blanketi nailoni ya pili.

Nikatangaza kanisani kwamba mtende umeingia kwenye majira ya kujaribiwa. Jumapili ile ile yakaja mablanketi matano. Wiki iliyofuata mengine saba. Mama mmoja Mkongo akaleta pagne mbili, vitenge vya kwao, akasema hizi ni za kuufanya usijisikie mpweke. Mchungaji mwenyewe akavua skafu yake ya sufu mbele ya watu akaniambia kamfunge shingoni.

Mnaona hiyo "kamfunge"? Kufikia Krismasi hakuna aliyekuwa anauita mti. Mtu ananipigia: "Baba Mitende, mgonjwa anaendeleaje? Amelala vizuri? Anakunywa?"

Ndiyo, alikuwa anakunywa. Kila asubuhi nilikuwa nafungua kwa juu namwagia jagi la maji ya uvuguvugu. Kichwani. Kuna mama alitaka tuongeze uji mwepesi. Nilimkatalia, na kwa kumkatalia nikajiona mtaalamu.

Lennart alikuwa anasimama dirishani kwake ananitazama na lile jagi. Mswidi hawezi kukusemesha mara mbili jambo alilokwisha kukuambia, ataangalia tu unavyoharibikiwa, kwa heshima zote.

Hapo Krismasi mzee akaenda kwa dada yake siku kumi. Theluji ikaanguka ya kufika magotini, nikaona zile yucca zake saba zimezama, ncha tu ndizo zinazochungulia. Zilinitia huruma wakuu, nusura nitoe machozi. Nikasema huyu mzee amewatelekeza. Nikachukua nailoni na mablanketi mawili ya ziada, nikazifunga zote saba, nikarudi ndani nikijisikia Mkristo safi.

Aliporudi alizifungua moja moja. Akafua yale mablanketi. Akayakunja mara nne, akayaweka mlangoni kwangu na kikaratasi: "Tack, men nej." Yaani asante, ila hapana. Konsolata alisema hajawahi kuona mtu akitukanwa kwa adabu namna ile.

Mwezi wa kwanza baridi ikawa ya kuua. Na mti wangu sasa ulikuwa na mablanketi kumi na mawili, pagne, skafu, na kofia ya sufu niliyoivika mwenyewe kileleni. Ukiuona kutoka barabarani ni mtu kabisa. Mnene, amesimama, ameinamisha kichwa.

Mpita njia mwenye roho nzuri akapiga simu kuripoti kwamba kuna mtu anaganda nyuma ya nyumba za Vårby gård na familia yake haimfungulii mlango.

Wakaja wawili wenye majaketi ya kung'aa. Wakaanza kuusemesha. Mmoja akauwekea mkono begani, taratibu, anauliza kama unaelewa Kiswidi. Mimi nimesimama mlangoni na jagi langu la maji ya uvuguvugu.

Tulipoelewana walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye theluji. Mimi sikucheka. Niliona wanamdharau mgonjwa.

Sasa tufike pabaya.

Mwanzoni mwa mwezi wa pili baridi ililegea siku mbili, nikaona nifungue kidogo nimwangalie. Nilipofika nailoni ya mwisho ikanipiga harufu. Mliokulia kwenye mihogo mtanielewa: ile harufu ya muhogo uliolowekwa ukasahaulika, wiki ya tatu.

Nikashika lile jani changa la katikati, lile ambalo halijafunguka. Likatoka lote. Sikuvuta wakuu, nilishika tu. Likanijia mkononi kama mtu anachomoa kijiko kwenye uji, na chini yake limekuwa uteute wa kahawia.

Baridi haikuugusa ule mti. Nilikuwa nimeuozesha mimi, kwa maji ya uvuguvugu na upendo.

Mtu mwenye akili angeingia ndani akapiga simu kwa Mchungaji. Mimi nilitazama kulia, nikatazama kushoto, nikalirudisha lile jani mahali pake. Nikalichomeka kama ua kwenye chupa. Nikafunga nailoni, nikafunga blanketi, nikafunga skafu ya Mchungaji kwa mafundo mawili.

Konsolata akaniuliza, "Baba Ineza, hii harufu kibarazani ni ya nini?"

"Mbolea."

Akafunga dirisha.

Jumapili wakaniita mbele kutoa taarifa. Nilikuwa nimejipanga kusema. Kweli nilijipanga. Nikaziona zile nyuso, watoto wamekaa mbele miguu inaning'inia, nikasikia mdomo wangu unasema: "Mgonjwa anaendelea vizuri, tuzidi kumkumbuka kwenye maombi."

Kanisa zima likasimama likaombea maiti.

Na haikuishia hapo. Mchungaji akaanza mfululizo wa mahubiri kuhusu kustahimili, Jumapili nne, mti wangu ndio mfano. Halafu kuna kijana mmoja mtu mzima, Désiré, alikuwa amegoma kuendelea na shule ya Kiswidi kwa kufeli. Akasimama kushuhudia. Akasema, kila nikipita kwa Baba Mitende nikimwona yule amesimama kwenye theluji hajakata tamaa, najiambia na mimi nitarudi darasani. Watu wakalia. Nami nikalia, ila kwa sababu zangu.

Jamani, uongo wa kwanza ulinitoka bila kufikiri. Wa pili nikaufikiria. Baada ya hapo nikawa naamka Jumapili nimeshauandaa, na maneno yake mazuri, na ishara za mikono.

Mwisho wa mwezi wa pili Umoja wa Wanawake wakaja kumtembelea mgonjwa. Walikuja kumi na wawili na chupa za chai, wakasimama kumzunguka wakaimba. Mama Goreti alikuwemo. Tangu ang'atuke tulikuwa tunasalimiana tu.

Wakati wenzake wamefumba macho nikamwona anapenyeza mkono kati ya mablanketi, pale juu. Akautoa mkono, akajifuta kwenye kitenge chake pole pole, akainamisha kichwa. Maombi yalipoisha akaitikia "amina" kama wengine, akanywa chai, akaondoka.

Nikasema nimepona, hakuelewa.

Ikabaki wiki moja na nusu. Kanisa likaamua, bila kuniuliza, kwamba Jumapili ya Mitende ibada itaanzia kibarazani kwangu. Mti ufunuliwe mbele ya watu wote, matawi yakatwe, tuandamane.

Nilianza kuhangaika. Nikazunguka maduka ya mimea, hamna kitu, bado msimu. Nikaenda mpaka Vällingby, upande wa pili wa jiji, nimesikia kuna duka lina miti ya plastiki. Nikaikuta. Nikasimama na mtende wa plastiki mikononi dakika kumi. Nikajiona: mwanamume mzima, mwenyekiti, niliyemcheka mtu kwa manila, leo nimekumbatia plastiki. Nikaurudisha. Ila nisiwadanganye, niliurudisha kwa sababu majani yake yalikuwa sita tu.

Kesho yake mchana nikapanda treni mpaka Norsborg.

Mama Goreti alinikaribisha vizuri, akaninywesha chai, akanipa na maandazi. Nikaanza kuzunguka. Nikasema mama, mgonjwa hajambo kabisa, ila kwa tahadhari tu, watoto wameongezeka, pengine ungetukatia matawi machache ya manila, ya akiba, wala tusitangaze.

Aliniongezea chai mpaka nikaishiwa maneno.

Halafu akasema, "Mwanangu, mimi nimetoka Rumonge. Baba yangu na babu yangu waliishi kwa michikichi. Ule mti niliushika. Umeoza."

Sikuwa na pa kuangalia. Nikaangalia andazi.

"Sasa mama, kama ulijua, mbona uliitikia amina?"

"Sikuwa nauombea mti. Nilikuwa nakuombea wewe, useme."

Wakuu, mimi nimepigwa na maisha, nimekimbia nchi mara mbili. Lakini pale kwenye kile kiti nilijisikia mdogo. Nikamwomba msamaha. Nikamwomba kwa manila, kwa kicheko, kwa yote. Akaitikia kwamba amesamehe zamani. Nikapata nguvu, nikasema basi mama, utukatie?

"Hapana."

"Mama, watoto watabaki mikono mitupu."

"Najua. Na hilo ndilo linaloniuma." Akaweka kikombe chini. "Hebu nikuulize. Miaka yote ile, uliwahi kugeuza tawi moja ukatazama nyuma?"

Sikuwahi.

Akasema nyuma ya kila tawi alikuwa anaandika jina la mtoto atakayelishika. Kila mwaka, mmoja mmoja. Ili asiwepo mtoto wa kusema langu halipo. Akasema vidole siku hizi vinamuuma, akikata matawi matano anapumzika, lakini majina alikuwa anayaandika kwanza, kabla ya kushika mkasi. Halafu mimi nikasimama kwenye kikao.

Nilirudi kwenye treni nimekaa na mfuko wa maandazi mapajani. Alinifungashia.

Jumapili ikafika. Jua linawaka, baridi ya wastani, watu wamejaa kibarazani mpaka kwenye njia. Kwaya imevaa sare. Watoto mbele. Lennart amesimama upande wake wa uzio, amevaa koti la heshima. Sijui nani alimwalika.

Nikasimama mbele ya mti. Nikasema kabla sijafungua nina neno.

"Mti huu umekufa. Ulikufa mwezi wa pili. Nilijua, na kila Jumapili nimewadanganya."

Nikaanza kuvua. Skafu, kofia, blanketi la kwanza, la pili. Kila blanketi namwita mwenyewe namkabidhi, lina unyevu na linanuka, anapokea bila kunitazama. Nilipofika nailoni ya mwisho watu wa mbele walirudi nyuma hatua tatu. Majani kumi na tisa, yote ya kahawia, yameinama.

Mchungaji akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, yale mahubiri yangu manne…"

"Ulikuwa umeshakufa, Mchungaji. Yote manne."

Hapo ndipo Désiré akapaza sauti kutoka nyuma: "Ngoja kwanza! Mimi Ijumaa nimefaulu mtihani wa Kiswidi. Kwa hiyo nimefaulu kwa nguvu ya mti uliooza?"

Akaanza kucheka yeye. Kisha mke wake. Kisha kwaya, sauti ya nne, wale mabesi, wakashindwa kujizuia. Watu walicheka mpaka wengine wameshikilia uzio wa Lennart. Walikuwa wananicheka mimi, kwa haki yangu, na kicheko nilikipokea kama kilivyokuja.

Sio wote. Wapo waliokunja blanketi lao wakaondoka, na wawili mpaka leo hawanipi mkono. Siwalaumu.

Mchungaji akasema tuandamane hivyo hivyo. Akawakumbusha watu kwamba siku ile ya Yerusalemu kuna waliotandika nguo zao njiani. Basi wakatandika yale mablanketi kwenye njia ya Vårby gård, mabichi, yananuka, watoto wanapita juu yake wameziba pua na wanaimba. Waswidi walitoka kwenye roshani kuangalia. Lennart alibaki kwenye mti wangu. Alikuwa anakitafuta kile kipaa alichoniambia niujengee, hakioni, anatikisa kichwa.

Sasa mtategemea niseme Mama Goreti amerudi kwenye kamati. Hajarudi. Nimemfuata mara tatu. Mara ya tatu akasema manila ziko kwa katibu, mkasi uko kwa katibu, kata mwenyewe, kazi yenyewe si ngumu.

Nikasema sawa, mama, nitakata. Nikatoa karatasi na kalamu. Nikamwomba anitajie majina ya watoto niyaandike.

Akakataa kunitajia. Akasema, "Wataje wewe, mimi nitakuhesabia."

Nikaanza. Nikataja, nikataja, nikakwama. Wakuu, kanisa letu lina watoto arobaini na watatu. Majani ya ule mti nilikuwa nayajua yote kumi na tisa, lipi limetoka lini, lipi lina ncha iliyokatika. Majina ya watoto nilifikisha matano. Na wawili kati yao ni wa kwangu.

Sasa hivi niko kwenye ishirini na nane. Kila Jumapili baada ya ibada nachuchumaa mlangoni naulizia, wengine wananijibu kwa Kiswidi, wengine wanakimbia wakidhani nauza kitu.

Nilichojifunza mimi ni hicho tu, sina hekima nyingine ya kuwauzia. Kabla hujamcheka mtu kwa kazi aliyoifanya miaka, geuza uone nyuma kumeandikwa nini.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye kunisema aniseme, nimeshasemwa na watu mia na ushee wakiwa na mablanketi mikononi, ninyi mtaniongezea nini? Na kama humu kuna mwenye kibaraza kwenye nchi za baridi na ana mpango wa kufunga mti nailoni, anijibu haraka kabla hajafika kwenye maji ya uvuguvugu.